Kamba Yangu Ilirudi Vipande Viwili

Mama Kache aliniharibia mwaka mzima wa maisha yangu, na juzi Jumamosi nilisaidia kumzika kwa mikono yangu miwili. Habari ya kifo chake ilinikuta dukani kwangu Likoni, nikibishana na mteja aliyetaka jaketi za kuokolea kwa bei ya mitumba. Simu ikalia, nikasikia sauti ya binti yake, Kache: "Kapteni, mama ametutoka." Nikasema poleni, nikauliza mazishi ni lini, na kabla sijakata simu swali likanitoka mdomoni bila kulipanga: "Na kamba yangu iko wapi?" Kache akasema, "Ipo. Ndiyo tutakayotumia." Yule mteja alinitazama kama mtu asiye na utu. Sikumlaumu. Asiyekuwepo Jomvu Kuu mwaka ule hawezi kujua kamba ile ilikuwa nini kwangu, wala ilivyochukuliwa.

Nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka Ghuba. Habari za nilikozaliwa na nani alinisomesha nitaziacha, kwa sababu aliyenisomesha ni mimi. Nilikwenda kule kama wasichana wengi wa pwani wanavyokwenda, na mkataba wa kusafisha, ila mimi sikupangwa nyumbani kwa mtu. Nilipangwa kwenye bandari ya mashua za matajiri, nikaanza na ndoo na brashi. Jioni wenzangu walipiga simu kwao wakalia. Mimi nilikwenda darasani. Nilipomaliza nilikuwa na stashahada ya usalama wa vyombo vidogo vya baharini, mwanamke peke yangu katika darasa lile, na wa pili kwa alama, na huyo wa kwanza alikuwa amezaliwa kwenye mashua. Wengine walirudi na televisheni na mazulia. Mimi nilirudi na stashahada ndani ya fremu, pamoja na kamba ya nanga ya nailoni, nyeupe, yenye uzi wa buluu uliosukwa ndani yake kutoka ncha hadi ncha. Ilikuwa ndefu na nzito hata mzigo wangu ukazidi kipimo uwanja wa ndege, nikaacha nguo ili kamba ipite.

Mashua niliinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anahama. Ilikuwa ndogo, ya faiba, imetumika sana. Tanga lake limeshonwashonwa na sitaha ina nyufa, lakini tumbo lake lilikuwa zima, na mimi najua kulisoma tumbo la mashua. Nikaileta hadi Jomvu Kuu, kwenye ule mkono wa bahari unaoingia bara, nikaiegesha karibu na mikoko, na nyuma yake nikaandika jina kwa rangi nyekundu: DIPLOMA. Watu walicheka. Waliocheka zaidi ni wale ambao hawakuwa nayo.

Mpango wangu ulikuwa mwepesi kuueleza. Hoteli moja ya upande wa Kisauni iliniahidi kwamba nikipata leseni ya kubeba abiria kabla ya Pasaka, itanipa wageni wake niwatembeze kwenye maji matulivu. Leseni hiyo hutoka baada ya mkaguzi kukiona chombo na vifaa vyake: nanga, kamba yake, jaketi, boya la duara, fataki za kuombea msaada. Upande mwingine alikuwako wakala aliyenipeleka Ghuba, ambaye alinipigia karibu kila wiki. "Dama, nafasi yako bado iko," alisema. "Lakini Pasaka ikipita nampa mwingine." Nilikuwa nimeapa kutorudi kufuta jasho la watu kwenye viti vya ngozi. Basi ilikuwa ni leseni, au ni ndege. Sikuwa na akiba ya kukaa bure, wala uso wa kuomba kazi kwa mtu wa Mombasa baada ya kuandika neno lile nyuma ya mashua.

Nilipanga chumba kwa Mama Kache, upande wa juu wa Jomvu Kuu, pale nyumba zinapoisha na vijishamba vya mihogo vinaanza. Alikuwa mama wa Kigiriama, mjane, mwenye sauti ya kwaya na mikono ya kusonga sima ya kulisha kanisa zima. Ukuta kati ya chumba changu na sebule yake haukufika juu; uliishia usawa wa kizingiti cha juu cha mlango, na kutoka hapo hadi kwenye bati ilikuwa hewa tu. Nilisikia mambo yake yote, naye aliyasikia yangu. Nilijua siku ya mbaazi za nazi na siku ya mboga chungu ya mchunga kwa harufu, kabla sijafumbua macho. Yeye alijua wakala amepiga kabla sijaitikia. "Mwambie hayuko!" alipaza sauti kutoka upande wa pili, huku anapepeta mchele. Chumbani kulikuwa na kitanda, nanga chini ya kitanda, na ukutani misumari miwili: mmoja ulishika stashahada, mwingine ulishika kamba. Boya la duara nililiweka kwenye veranda, nikajuta. Katika ua ule kitu hakikuwa cha mtu. Sufuria kubwa ilikwenda harusini ikarudi bila kifuniko, viti vilikwenda matangani vikarudi viti vya watu wengine. Ilitosha kupiga hodi, kusema "tunaazima," na kitu kimetoka. Boya langu nililikuta siku moja limewekwa chini ya mtungi wa maji ili mtungi usipinduke. Nikaliondoa. Kesho yake lilikuwa palepale, na mtungi juu yake umejaa, na Mama Kache ananiambia jinsi lilivyomfaa.

Kazi kubwa ya kwanza ilikuwa puani mwa mashua. Watu hudhani nanga ndiyo inayoshika chombo. Chombo hushikwa na mahali kamba ilipofungwa, na kwenye Diploma mahali hapo palikuwa pembe ya chuma iliyopigiliwa skrubu juu ya sitaha, basi, nazo zimeoza kwa kutu. Ukivuta mara moja kwa nguvu, pembe inang'oka na kipande cha sitaha. Nilitaka chuma kipya, bolti zipite hadi chini, na bamba nene ndani ya kushikilia bolti hizo. Nikamchukua Fundi Charo, mchomeleaji wa Miritini, jitu la mtu. Alipokanyaga sitaha mashua iliinama kumsalimu. Nilimfanya arudie kazi ile mara tatu.

"Kapteni," aliniuliza, kwa jina walilokuwa wameshanibandika, huku anafuta jasho, "hii ni mashua au ni meli ya mafuta?"

"Ni chombo cha abiria."

"Abiria wenyewe wazito kama mimi?"

"Wewe ukipanda itabidi niombe leseni ya kubeba makontena."

Alicheka hadi akaweka vifaa chini. Mara ya tatu nilipomwambia bamba halijakaa sawa, alimgeukia Said Mbwana na kusema, "Mwanamke huyu, nikifa, atakuja kukagua jeneza langu." Said alikuwa nahodha niliyemwajiri, mtu wa ukoo wa zamani wa Jomvu, mdomo wake haufungiki. Yeye shida yake ilikuwa nanga. Ya kwao ina makucha manne, na yangu ilikuwa na ubapa mmoja uliochongoka. "Hino si nanga," alisema alipoiona mara ya kwanza. "Hino ni jembe. Wataka kulima wapi?" Siku tuliyoijaribu maji yalikuwa yanatoka kwa kasi. Tukaitupa kwenye tope, nikalegeza kamba ndefu kama nilivyofundishwa, na Diploma ikarudi nyuma kidogo, ikashituka, ikasimama. Tukakaa pale hadi maji yalipogeuka na haikusogea. Said aliishika kamba, akaivuta mara mbili. "Haya," alisema mwisho, "jembe lalima." Fundi Charo, aliyekuwa ufukweni, alipiga makofi kama yuko harusini. Siku ile niliamini kwamba mwaka ule ni wangu.

Kila Jumatatu jioni sebuleni kwa Mama Kache walikutana akina mama wa kikundi cha kuzikana cha kanisa lao. Walikunywa chai ya mkandaa, isiyo na maziwa, kwa muhogo, wakaomba, kisha wakasema mambo ambayo maombi hayakuyagusa. Nilikuwa nimelala kitandani nasoma jioni walipozungumza habari ya kamba. Katika mazishi ya karibuni kamba yao ya katani ilikuwa imekatika upande wa miguuni, jeneza likatangulia chini kwa ncha.

"Mzee wa watu akasimama kaburini kama anangoja basi," alisema mmoja, na wote wakacheka kile kicheko cha kujizuia, halafu mwingine akaanza kulia. "Mkewe aliona. Hiyo ndiyo aibu. Mkewe aliona kwa macho yake."

"Mtu umekula michango yake miaka yote," alisema Mama Kache, "halafu siku yake ya mwisho unamwangusha."

Mimi siwezi kusikia habari ya kamba mbovu nikanyamaza. Nikapaza sauti juu ya ukuta: "Mngekuwa na kamba kama yangu! Hii inainua lori!"

Ikaja sauti ya Mama Kache: "Lori, mwanangu?"

"Lori na mzigo wake!"

"Haya," akasema. Haya ya Mama Kache haikuwa neno la kufunga mazungumzo. Ilikuwa kama mtu anayefunga fundo kwenye pembe ya leso yake, aweke kitu cha kutumia baadaye. Mimi sikuijua bado.

Fundi Charo alikufa wiki ya ukaguzi. Alianguka kazini, wakasema ni presha, na alipofika hospitali alikuwa ameshakwenda. Nililia kama wengine. Nilikuwa nimempenda mtu yule. Maziko yakapangwa siku moja kabla ya mkaguzi kuja, kwenye shamba lao, si mbali na kwa Mama Kache, na kikundi chake cha kuzikana ndicho kilichosimamia. Jaketi zangu zilikuwa kwa mfanyabiashara wa Likoni na bila jaketi hakuna ukaguzi, basi nikaondoka alfajiri, nikaahidi kurudi kabla ya jeneza kutoka nyumbani. Mfanyabiashara hakuwepo. Alipokuja, jaketi zilikuwa stoo na ufunguo uko kwa ndugu yake. Foleni ya feri ilikuwa imefika barabarani. Nilisimama juani na mafurushi ya jaketi za rangi ya chungwa, watu wananiuliza kama nategemea feri izame, na jua linakwenda. Nilipofika Jomvu ua ulikuwa mtupu. Masufuria yamefunikwa, moto umebaki makaa. Kwa mbali upande wa mashambani nilisikia wimbo wa maziko. Nikaingia chumbani kuweka jaketi, nikatazama ukutani. Stashahada ilikuwa inaning'inia peke yake.

Walirudi na vumbi jekundu miguuni. Nilimsubiri Mama Kache mlangoni kwake, na nilikuwa nimejiambia nisiseme neno baya siku ya maziko.

"Mama, kamba yangu."

"Hii hapa, mwanangu. Tumeazima." Akaniwekea mikononi kitu kilichofungwa kwa leso safi. "Na tumeikung'uta vizuri."

Nikafungua leso. Ndani kulikuwa na vibunda viwili.

"Mbona ziko mbili?"

"Jeneza hushushwa kwa kamba mbili, Dama. Moja kichwani, moja miguuni. Wewe ulikuwa na moja."

"Mmeikata?"

"Kwa panga jipya." Aliuona uso wangu, akadhani anajua ni nini kinachonisumbua. "Iko yote. Ipime! Haikupotea hata urefu wa kidole."

Mpaka leo nikilikumbuka jibu lile damu inanipanda. Nilimweleza, nikipayuka sasa, kwamba kamba ndefu hupitishwa mara mbili. Inapita kichwani, inarudi miguuni, watu wanashika ncha zote, haina haja ya panga. Kwamba kamba ya nanga ikikatwa si kamba ya nanga tena, kwa sababu urefu ndio unaoifanya nanga ilale na kuuma. Akina mama walikuwa wamesimama wananisikiliza kwa heshima, kama watu wanaosikiliza mahubiri ya lugha nyingine. "Ungekuwepo ungetuambia," alisema Mama Kache, bila kejeli hata chembe. Kisha akanishika mkono. "Charo amekwenda vizuri, mwanangu. Hakutikisika. Mkewe hakuona kitu." Wangeniomba ningewapa. Kwa Charo ningewapa na mlingoti. Lakini nisingewapa panga.

Asubuhi niliketi kwenye veranda na kuiunga. Si kwa fundo. Fundo ni kazi ya kufunga mbuzi. Nilizifumua nyuzi za ncha mbili, nikazifuma moja ndani ya nyingine, uzi juu, uzi chini, hadi uzi wa buluu ukakutana na mwenzake na ukaendelea kama haukuwahi kuachana. Nasema bila haya kwamba katika mkono wote huu wa bahari hapakuwa na mtu mwingine wa kufanya kazi ile. Said alikuja, akatoa salamu, akasimama. Alikuwa anatazama wekundu uliobaki katikati ya nyuzi.

"Hiyo ndiyo iliyomshusha Charo?"

"Nimeiosha."

"Hata ungeiosha kwa maji ya zamzam. Kamba iliyoshusha maiti, Kapteni, yajua njia moja tu, nayo ni ya chini. Mie siipandi."

"Hiyo ni dini?"

"Dini haimo. Hiyo ni bahari."

"Na kiungo unakionaje?"

Akainama, akakishika, akakivuta. "Kiungo ni kizuri, wallahi. Sijaona kama hicho. Ningefungia meli." Akakirudisha chini taratibu. "Lakini siipandi."

Mkaguzi alifika na viatu mkononi kwa sababu ya tope, kijana wa shati lililopigwa pasi. Alihesabu jaketi, akazisifu. Aliangalia bamba la Charo chini ya sitaha, akagonga, akasema hajaona kazi kama ile kwenye mashua ndogo. Kisha akaanza kuvuta kamba, mkono baada ya mkono, na kidole gumba chake kikasimama.

"Hapa pameungwa."

"Kiungo hicho hakitoki. Ivute kamba hata kwa trekta. Itakatika kwingine kabla ya hapo."

"Inawezekana, mama. Lakini kwa abiria nataka kamba nzima." Akaona ule wekundu. "Na hii ni nini?"

Nikamwambia ukweli wote, maziko, panga, leso. Nilidhani atakimbia kama Said. "Maiti hainihusu," alisema. "Mimi naangalia kiungo." Nahodha alikubali kiungo akakataa maiti, mkaguzi alikubali maiti akakataa kiungo, nami nimesimama katikati ndani ya tope hadi magotini. Nilikwenda nikaleta stashahada. Aliisoma yote, kwa adabu, mpaka sahihi za chini. "Hongera sana," alisema, akanirudishia. "Ukipata kamba nyingine utuite. Ila tutakuja baada ya mvua kubwa." Kamba ya namna ile haikuuzwa Mombasa wakati ule, ilikuwa ya kuagiza. Na baada ya mvua ni baada ya Pasaka.

Nilipanda njia ya kwenda nyumbani na kamba begani, inadondosha maji mgongoni. Mama Kache alikuwa anakuna nazi. Nikaitupa kwenye kizingiti chake. "Mlitaka kuzikana nayo? Haya, zikaneni nayo." Aliacha mbuzi ya nazi, akafuta mikono, akaiokota na kuanza kuikunja, na hata kuikunja alikuwa anaikunja vibaya, kinyume na msokoto wake, na vidole vyangu viliwasha kumnyang'anya. Hakuomba radhi. Hakuniomba siku ile wala siku nyingine yoyote. Alimaliza kuikunja, akaniangalia, akauliza, "Umekula?"

Hoteli ikawapa wageni wake mtu mwingine. Pasaka ilipokaribia nilikuwa naishi kwenye chumba kile kama mtu anayengoja tarehe ya kesi, jaketi zimepangwa hadi kwenye ule mwanya wa juu ya ukuta, sanduku liko wazi kitandani. Wakala alipiga simu ya mwisho. "Dama, leo. Ndiyo au siyo?" Nilifungua mdomo kusema ndiyo. Na upande wa pili, juu ya ukuta, ikaja ile sauti ya kwaya, imechoka kidogo: "Mwambie hayuko!" Nilikuwa sijazungumza naye wiki nzima. Nilikuwa nakula chakula chake, nikirudisha sahani bila ahsante. Nikasema kwenye simu, "Dama hayuko," nikakata, na nilimkasirikia hata kwa hilo, kwamba neno nililolihitaji lilikuwa kwake.

Yaliyofuata niliyafanya mwenyewe. Said, ambaye nadhani alikuwa na haya ingawa hakukiri, alikuja na mwenye mashua wa Likoni. "Kapteni, jaketi hizo wauza?" Sikuwa nauza. Nikauza. Akaja mwingine, akataka boya. Nililitoa chini ya mtungi, nikalifuta, likaenda. Nikaagiza mengine, nikaagiza kamba, nikaenda kwenye mashua zao kuwafungia, nikiwarudisha mara tatu kama nilivyomrudisha Charo. Mwaka ulipoisha nilihamia Likoni. Diploma niliiuza kwa mtu wa Kilifi, na sikumwambia abadilishe jina. Leo ukipanda chombo cha kutembeza wageni upande huu wa Mombasa, tazama jaketi uliyovaa. Huenda imetoka dukani kwangu. Hata wageni wa ile hoteli huvaa zangu. Kwa Mama Kache nilipita kwa nadra, nikatoa shikamoo, nikala, nikaondoka. Habari ya kamba hatukuigusa.

Jumamosi niliikuta kando ya kaburi ndani ya gunia. Waliitoa, na nikatambua uzi wa buluu hata chini ya udongo wa miaka yote ile. Vipande viwili. Baada ya mimi kuitupa ikiwa nzima waliikata tena, bila shaka kwa panga safi, ila safari hii pembeni kidogo, kwa hiyo kipande kimoja kilikuwa na kiungo changu katikati. Kache, ambaye sasa ndiye anayeongoza kikundi, alisimama mbele ya watu. "Kamba ni ya Kapteni," alitangaza. "Tumeazima." Wazee wakaitikia, kama kitu walichozoea kuitikia. Nilimgeukia Said, aliyekuja kwa mkongojo na kukaa kwenye kiti cha plastiki.

"Mbona wamenitaja?"

"Hujui?" Alinishangaa. "Hivyo ndivyo husema kila mara. Mama Kache ndiye aliyeanza. Hapana mtu aliyeshuka upande huu bila ya jina lako kutajwa. Na hicho kiungo chako, Kapteni, kimebeba Jomvu nzima." Akatikisa kichwa. "Mie namshukuru Mungu, sisi twashushwa kwa mikono."

Vijana wakapitisha kamba chini ya jeneza. Wa miguuni walikuwa na haraka. Jeneza likaanza kuinama, na nikaona uso wa Kache ukibadilika. Sikungoja mchungaji. Nikaingia, nikashika ncha ya kamba yenye kiungo, nikapaza ile sauti ambayo sijaitumia tangu Diploma. "Miguuni simameni! Kichwani legezeni. Polepole. Haya, wote pamoja sasa." Nailoni ilipita mikononi mwangu, kavu, ngumu, hadi nikahisi kiungo kinafika. Kilipita kwenye kiganja changu uzi kwa uzi, juu, chini, juu, kama nilivyokifuma kwenye veranda yake. Hakikulegea. Mama Kache alikwenda vizuri. Hakutikisika.

Watu walipokwenda kula nilibaki nayo bombani. Niliiosha, nikakata ncha zilizochakaa, nikazifunga upya kwa uzi wa tanga ambao sikosi kuwa nao mkobani. Bado ina nguvu. Niliwaambia tangu mwanzo kwamba inainua lori. Kache alikuja na sahani ya wali wa nazi na mbaazi, akauliza kama naichukua.

"Naiacha," nilisema. "Lakini nisikilize. Msiikate tena. Na msiianike juani, jua linakula nailoni. Itundikeni ndani, kwenye msumari."

"Msumari wa chumba chako upo bado."

"Basi hapohapo. Ndani. Kivulini."

"Haya, Kapteni," akasema.

Nilikula, nikaaga, nikashika njia ya mihogo kuelekea barabarani. Kwenye kona niligeuka mara moja kutazama nyumba ile. Kamba yangu ilikuwa kwenye kamba ya nguo, vipande vyote viwili, kati ya leso na foronya, juani, jua la saa nane. Nikasonya peke yangu, nikavua viatu vya maziko vilivyokuwa vinanibana, nikarudi.